Gesell, daktari aliyetupa hesabu ya miezi ya kukaa na kutembea

Unapompeleka mtoto kliniki, muuguzi akishampima uzito huuliza: ameshakaza shingo? Anageuka? Anakaa bila kuegemezwa? Anasimama dede? Wewe unajibu, yeye anaandika, na ukisema bado, unamwona anahesabu miezi kimoyomoyo. Wazazi wengi huniuliza hesabu hiyo ilitoka wapi, na ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa miezi tisa awe anakaa. Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya mtu mmoja, Arnold Gesell, Mmarekani aliyefariki mwaka 1961. Wiki hii ninakusimulia habari zake, kwa sababu ukizijua utaelewa kipimo hicho kinaweza kukuambia nini kuhusu mwanao na nini hakiwezi.

Gesell alizaliwa Juni 21, 1880 katika mji mdogo wa Alma, jimbo la Wisconsin, kando ya mto Mississippi. Baba yake alikuwa mpiga picha na mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Yeye alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano, kwa hiyo kabla ya kusoma kitabu chochote cha makuzi alikuwa ameshaona wadogo zake wakipita hatua zote, kuanzia kulala chali hadi kukimbia uani. Kazi za wazazi wake, picha na ualimu, alikuja kuzifanya zote mbili.

Alisomea ualimu, akafundisha sekondari, akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts, ambako mwaka 1906 alipata shahada ya uzamivu katika saikolojia. Akaenda Los Angeles kufundisha katika chuo cha ualimu, na huko akampata Beatrice Chandler, mwalimu mwenzake, wakaoana mwaka 1909. Walipata watoto wawili. Mwaka 1911 Chuo Kikuu cha Yale kilichopo New Haven, jimbo la Connecticut, kilimwajiri, naye akafungua kliniki ndogo ya kuangalia watoto wenye matatizo ya kujifunza.

Hapa alifanya jambo ambalo mimi kama daktari namheshimu nalo. Tayari alikuwa na shahada ya juu kabisa na kazi ya heshima, lakini aliona hawezi kuielewa akili ya mtoto bila kuujua mwili wake. Akaanza masomo ya udaktari huku akiendelea kufundisha. Alihitimu mwaka 1915 akiwa na miaka 35. Mwaka huohuo serikali ya jimbo la Connecticut ilimpa kazi ya kuzunguka shuleni kuwapima watoto waliobaki nyuma, na ndiyo maana wengi humtaja kuwa mwanasaikolojia wa kwanza wa shule nchini Marekani.

Watoto aliowakuta shuleni walikuwa na miaka saba, minane, tisa. Mtoto anaitwa mzembe, mwandiko wake hausomeki, anadondosha kila anachoshika, na mwalimu ameshachoka naye. Kama una mtoto wa aina hiyo nyumbani unajua hadithi ilivyo, na pengine unajua fimbo ngapi ameshakula kwa kosa ambalo si lake. Kufikia miaka ya 1920 Gesell alikuwa amehamishia macho yake kwa watoto wadogo zaidi, wale ambao bado hawajaanza shule, halafu kwa wachanga kabisa. Alitaka kujua kama dalili zinaweza kuonekana mapema.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kwa uhakika mtoto wa kawaida anafanya nini katika wiki ya 16, ya 28 au ya 40. Mama walijua, bibi walijua, lakini hakuna aliyekuwa ameandika kwa mpangilio. Huwezi kusema mtoto amechelewa kama hujui wenzake wanafika lini.

Gesell akajenga chumba cha ajabu. Kilikuwa na umbo la kuba, kama nusu ya chungwa kubwa lililofunikwa sakafuni. Kamera za sinema zilipita kwenye reli juu ya kuba hilo na kumpiga mtoto picha kutoka pande mbalimbali. Ukuta wake ulitengenezwa kwa namna ambayo watu walio nje waliweza kumwona mtoto, lakini yeye aliye ndani hakuwaona. Ndani aliwekwa mtoto na mpimaji, mama akiwa karibu, na vifaa vichache sana: vipande vyekundu vya mbao vyenye pande za kama sentimeta mbili na nusu, kikombe, kengele, kidonge kidogo cha kuokota. Kisha filamu ikatazamwa picha moja baada ya nyingine, polepole, kwa masaa mengi.

Ukifikiria kidonge kile utaona alivyokuwa makini. Mtoto mdogo hukikokota kwa kiganja kizima kama anayefagia makombo mezani. Baadaye hutumia vidole vyote na gumba ubavuni. Karibu na mwaka mmoja hukidonoa kwa ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, kama kuku anavyodonoa punje. Mama akiangalia huona mtoto ameokota kitu na tayari amekitia mdomoni. Gesell aliona ubongo unaokomaa, hatua kwa hatua, katika jambo linalochukua sekunde mbili. Hata leo, nikimpa mtoto punje ya muhindi kliniki huku mama yake akidhani ninamchezea, ninaangalia kitu hichohicho.

Kazi iliyotoa jedwali lake maarufu la mwaka wa kwanza ilitegemea watoto 107 wa New Haven, waliopimwa tena na tena kwa wiki walizofikisha. Mwaka 1934 alitoa kitabu kikubwa chenye picha 3,200 za watoto wachanga wakiwa katika vitendo. Mwaka 1941, yeye na daktari mwenzake Catherine Amatruda wakatoa kitabu cha kuwafundisha madaktari namna ya kumpima mtoto na kugundua ubongo ulioumia. Aliyagawa makuzi katika maeneo manne: mwendo wa mwili na mikono, uwezo wa kutatua jambo, lugha, na kuhusiana na watu. Maswali unayoulizwa kliniki leo bado yanafuata mgawanyo wa namna hiyo.

Aliona pia kwamba mwili hukomaa kwa mpangilio. Nguvu huanzia juu na kushuka: shingo kwanza, kisha mgongo, nyonga, miguu. Huanzia pia katikati na kwenda nje: bega kabla ya kiganja, kiganja kabla ya vidole. Kwa hiyo mtoto ambaye shingo yake bado inalegea usimlazimishe kusimama.

Jaribio lake linalosimuliwa zaidi lilihusu wasichana wawili pacha wa kufanana, aliowaita T na C. Mwaka 1929 yeye na Helen Thompson walieleza jinsi T alivyofundishwa kupanda ngazi kila siku kwa wiki sita, kuanzia wiki ya 46 tangu azaliwe. C hakufundishwa. Alipofikisha wiki 53, C aliwekwa mbele ya ngazi na akapanda mwenyewe. Akafundishwa kwa wiki mbili tu, akawa karibu sawa na mwenzake. Gesell akahitimisha kwamba mazoezi hayaharakishi sana kile ambacho mwili bado haujaiva kukifanya.

Alikuwa na haki kiasi. Lakini alisahau kwamba C hakufungwa kamba kwa wiki hizo sita. Alitambaa, alijivuta kwenye viti, alisimama, aliangushwa na kuinuka. Miguu yake ilikuwa mazoezini muda wote, ila haikuwa kwenye ngazi. Na pacha wawili ni wawili tu.

Udhaifu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Watoto wale 107 walichaguliwa makusudi wafanane: familia za kipato cha kati, asili ya Ulaya ya Kaskazini, mji mmoja. Kisha jedwali lao likachukuliwa kama ndilo la watoto wa dunia nzima.

Lilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1957 Mfaransa Marcelle Geber na daktari Mwingereza R. F. A. Dean walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kampala, Uganda, kwa vipimo vya Gesell. Watoto wa Kiganda walionekana kuwatangulia wale wa Marekani katika mambo ya mwili. Ubishi ukazuka kwa miaka mingi, wengine wakisema ni damu, wengine wakitilia shaka upimaji wenyewe. Jibu lililonishawishi mimi lilitoka Kenya miaka ya 1970. Mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet. Akaona akina mama wanawafundisha watoto kukaa kwa kuwaweka kwenye kishimo kidogo chini, wamezungushiwa nguo, na kuwafundisha kutembea kwa kuwashika mikono. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani. Ila katika mambo ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa, hawakutangulia.

Yaani bibi yako aliyekuwa anamkalisha mjukuu katikati ya mito na khanga alikuwa anafanya jambo lenye maana, na jedwali la New Haven halikuwa na habari naye.

Siwezi kukusimulia maisha ya Gesell nikaacha sehemu inayonikera. Mwaka 1913 aliandika makala katika gazeti la Marekani kuhusu mji aliozaliwa, akihesabu nyumba kwa nyumba familia alizodai zina wajinga wa kuzaliwa, wendawazimu na walevi, kana kwamba ni mbegu mbaya inayorithiwa. Fikra hizo zilikuwa zimeenea sana kwa wasomi wa siku zake, na zilileta madhara makubwa. Miaka iliyofuata alitumia muda mwingi kutetea uangalizi bora kwa watoto wenye ulemavu, na hilo nalo ni kweli. Lakini imani kwamba kesho ya mtoto imeandikwa mwilini mwake haikumtoka kabisa.

Imani hiyo iligusa maisha ya watu. Marekani ya wakati ule, watoto waliosubiri kuasiliwa waliletwa kliniki yake wapimwe kabla ya kukabidhiwa kwa wazazi wapya. Gesell alihimiza upimaji huo na hakupenda mtoto atolewe haraka bila kupimwa. Hebu fikiria kichanga wa miezi michache, ametoka katika makazi ya watoto ambako hakuna anayembeba wala kumsemesha, anawekwa mbele ya vipande vya mbao na anaviangalia tu. Alama alizopata zingeweza kuamua kama atapata mama au atabaki alipo. Na kule California, mtafiti Nancy Bayley, ambaye tangu mwaka 1928 alifuatilia watoto walewale mwaka baada ya mwaka, aligundua kwamba alama za mwaka wa kwanza hazitabiri vizuri akili ya mtoto anapokuwa mkubwa.

Sasa nirudi kwako, maana najua swali ulilonalo. Je, mtoto aliyechelewa kukaa au kutembea ndiye atakayekuja kuwa na shida ya kuratibu mikono na miguu akifika shule? Hali hiyo ipo na ina vigezo vyake vya kitabibu. Inawapata takriban watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule. Mtoto hana ulemavu unaoonekana, akili yake ni nzuri, lakini vifungo vya shati vinamshinda, kamba za viatu zinamshinda, mpira haudaki, na mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya mlimani.

Kipimo kimoja cha utotoni hakitoshi kutabiri hilo. Wapo waliotembea wakiwa na miezi 17 na leo ni wachezaji wazuri wa mpira, na wapo waliotembea mapema ambao kalamu bado inawasumbua. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inatushauri sisi madaktari tusitoe jina la tatizo hilo kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Ikibidi kumpima kati ya miaka mitatu na mitano, apimwe angalau mara mbili, na kati ya vipimo hivyo ipite miezi mitatu au zaidi. Ukimpeleka mtoto wa miezi 14 mahali akapimwa mara moja, kisha ukaambiwa atakuwa hivi na hivi darasani, usikubali haraka.

Kinachowezekana kugunduliwa mapema, na hapa Gesell na Amatruda walitufaa sana, ni ubongo ulioumia, kama mtindio wa ubongo. Huko kusubiri kuna gharama, maana mazoezi yanayoanza mapema husaidia zaidi. Kwa hiyo usikae nyumbani ukiambiwa atajirekebisha mwenyewe kama mtoto wa miezi minne shingo bado haijakaza. Kama wa miezi tisa hawezi kukaa. Kama mwili ni mkakamavu mno au umelegea kama kitambaa. Kama chini ya mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja ngumi. Kama miezi 18 imepita hajatembea. Na kama alikuwa anaweza jambo, sasa haliwezi tena, nenda wiki hiyohiyo, awe na umri wowote.

Nje ya hayo kuna nafasi kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Karibu watoto wote walikaa bila kuegemezwa wakati fulani kati ya miezi 3.8 na 9.2, na walitembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, walipitiliza wakasimama. Kumbe mtoto wa jirani aliyetembea na miezi tisa na wako aliyetembea na 16 wote wako sawa. Na huku kwetu, watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wametengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa na michezo ambayo watoto wa huko wanaijua.

Mama wa mtoto njiti, wewe nina neno lako. Gesell alisisitiza kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake asihesabiwe kama aliyekamilisha miezi tisa tumboni. Mtoto aliyezaliwa kwa wiki 32 alitangulia kwa wiki 8. Akitimiza miezi sita tangu azaliwe, mtegemee afanye ya mtoto wa miezi minne. Tunahesabu hivyo hadi afikishe miaka miwili. Nimeona mama wengi wakilia bure kwa kukosa hesabu hii ndogo. Ila njiti waliozaliwa mapema sana, kabla ya wiki 32, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida ya uratibu wakifika shule, hata wale waliotembea vizuri. Hao wafuatiliwe mpaka darasa la kwanza, wasiachwe baada ya chanjo ya mwisho.

Gesell alistaafu Yale mwaka 1948, na kliniki yake ikachukuliwa na watu wenye mtazamo mwingine. Wasaidizi wake, Frances Ilg na Louise Bates Ames, walishiriki kufungua taasisi yenye jina lake mwaka 1950 palepale New Haven, wakaanza na safu ya magazeti ya kujibu maswali ya wazazi, kama hii unayoisoma. Mwanawe wa kiume, Gerhard, akawa jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington. Yeye mwenyewe alifariki New Haven Mei 29, 1961, akiwa na miaka 80.

Kuba lake la kamera lilihitaji reli, taa na mafundi. Wewe una simu. Kama kuna jambo linakutia wasiwasi katika mwendo wa mtoto, mrekodi akiwa nyumbani, amezoea, ameshiba: akikaa, akigeuka, akiokota punje, akijaribu kusimama, mikono na miguu yote ionekane. Nusu dakika kwa kila kitendo inatosha. Njoo nayo kliniki pamoja na kadi yake, na uandike tarehe ya kila video, maana mbele ya daktari watoto wengi hulala au hulia, na hapo hakuna tunachoweza kukiona.